Bibi Anajua, Lakini Nani Anamsikiliza?

Msomaji wa Kiswahili wa rika langu alilelewa na wapelelezi wanaume. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetufikia mwaka 1960 kupitia Mzimu wa Watu wa Kale, alituonyesha kwamba fumbo hufumbuliwa kwa akili tulivu na kiko mdomoni. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walikuja baadaye na bastola, safari za haraka na maadui wenye nguvu. Niliwapenda wote watatu na ninawapenda hadi leo. Hata hivyo, nilipofikisha umri wa kustaafu nilianza kujiuliza mwanamke wa umri wangu anafanya kazi gani katika riwaya za upelelezi, zaidi ya kumfungulia mpelelezi mlango, kumpa kiti na kuondoka ili mazungumzo ya maana yaanze.

Kuna tawi jingine la riwaya hizo ambamo mwanamke huyo ndiye anayeketi katikati. Kifo kipo, na mara nyingi ni kifo cha kuuawa, lakini damu haimwagwi mbele ya macho ya msomaji. Mahali ni padogo, kijiji au mji mdogo ambamo watu wanajuana kwa majina na kwa madeni, na anayegundua ukweli hana cheo, pingu wala gari la serikali. Ana macho, masikio na kumbukumbu ya miaka mingi. Nimezisoma riwaya hizi tangu nilipoacha kufundisha sekondari, kwanza peke yangu, kisha pamoja na wanawake wenzangu hapa Moshi, na ninaandika haya kwa sababu kusoma nao kulinionyesha mambo ambayo nisingeyaona nikisoma peke yangu.

Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, vya mitumba, na vingi nilivinunua kwa muuzaji anayetandaza bidhaa zake chini karibu na stendi ya mabasi. Kikoba chetu hukutana Jumamosi alasiri barazani kwa mwenzetu mmoja huko Njoro. Hisa zikishanunuliwa, marejesho yakishapokelewa na sanduku likishafungwa kwa kufuli zake tatu, hubaki muda kidogo kabla ya watu kwenda kupika, na siku moja mwenyekiti wetu aliniuliza kitabu kilichokuwa kikichungulia kwenye mkoba wangu kinahusu nini. Nilianza kusimulia, na Jumamosi iliyofuata waliniomba niendelee. Desturi imekuwa hiyo hadi sasa: ninaisoma sura nyumbani kwa makini, kisha ninaisimulia kwa Kiswahili nikiwa na kitabu mkononi, nikisoma neno kwa neno pale ambapo maneno ya mhusika yana uzito, maana katika riwaya hizi kauli moja iliyotamkwa kizembe mezani huweza kuwa ndiyo inayomfichua mtu. Wengi wetu tumevuka miaka 60. Yupo aliyekuwa nesi kwa miaka mingi, yupo fundi cherehani, wapo wanaouza ndizi soko la Mbuyuni, na yupo mama aliyezaliwa Shinyanga akaja Moshi kwa kuolewa na mfanyakazi wa reli.

Tulianza na Miss Marple wa Agatha Christie, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Alitokea kwanza katika hadithi fupi iliyochapishwa mwezi Desemba 1927, na riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, ilitoka mwaka 1930. Anaishi katika kijiji cha kubuni cha St Mary Mead nchini Uingereza. Hajaolewa, hana mtoto, anafuma kwa sindano zake, anapalilia maua, na akiwa bustanini humo anaona nani anapita njia ipi na saa ngapi. Christie alieleza katika tawasifu yake kwamba mhusika huyu alizaliwa akiwa tayari na umri wa miaka 65 hadi 70, kwamba alifanana na baadhi ya marafiki wa bibi yake, na kwamba kutoka kwa bibi mwenyewe alirithi jambo moja: alimtazamia kila mtu kufanya baya, na mara nyingi ikathibitika hivyo.

Swali la kwanza la wenzangu halikuhusu maiti. “Mwalimu,” aliniuliza mmoja wa wauza ndizi, “huyu mama hana hata mtoto mmoja, anayemwangalia ni nani?” Niliwaeleza kwamba anaye mpwa, Raymond West, mwandishi anayejikimu vizuri, na kwamba katika riwaya ya mwaka 1964 mpwa huyo ndiye anayemlipia safari ya kwenda kupumzika katika visiwa vya Karibi. Waliridhika mara moja. “Kumbe ni shangazi,” alisema, na wengine wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu katika familia zetu shangazi ana neno lake katika posa, katika msiba na katika ugomvi wa ndugu, na neno hilo halitegemei kama ana watoto wake mwenyewe au hana.

Swali lao lilinipeleka kwenye historia ambayo sikuwa nimeitafakari vya kutosha. Vita Kuu ya Kwanza iliua mamia ya maelfu ya wanaume wa Uingereza, na sensa ya mwaka 1921 ilionyesha kwamba wanawake nchini humo waliwazidi wanaume kwa zaidi ya milioni moja na nusu. Wengi wao wasingeolewa kamwe, na magazeti ya wakati ule yaliwazungumzia kana kwamba ni watu wa ziada, wasio na mahali pa kuwekwa. Miss Marple ni wa kizazi kilichotangulia vita hivyo, lakini wasomaji wake wa kwanza walikuwa wakiishi katika nchi iliyojaa wanawake wa namna hiyo, na hapo ghafla akatokea mmoja ambaye kukaa kwake peke yake, kutazama kwake na kuwa na nafasi ya kufikiri kulikuwa na faida kwa kijiji kizima. Hakuwa wa kwanza kabisa. Mmarekani Anna Katharine Green alikuwa amekwisha mwandika Amelia Butterworth, mwanamke wa New York wa makamo asiyeolewa na mwenye hamu ya kujua mambo ya jirani yake, mwaka 1897. Naye Miss Silver wa Patricia Wentworth, aliyewahi kuwa mwalimu wa nyumbani, alianza kupokea wateja wake vitabuni mwaka 1928, naye akiwa na sindano za kufumia mkononi.

Hadithi ile ya Desemba 1927 ndiyo iliyonifunulia uwezo wa kikundi chetu. Watu sita wamekaa sebuleni kwa Miss Marple jioni ya Jumanne: mpwa wake, msanii wa kike, kasisi, wakili, mkuu mstaafu wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, na yeye mwenyewe akifuma. Mkuu huyo anasimulia kesi. Watu watatu walikula pamoja chakula cha usiku, wote watatu wakaugua, mmoja akafa, na baadaye ikagundulika kwamba aliuawa kwa sumu ya arseniki. Kila msikilizaji pale sebuleni anatoa dhana yake. Nilikomea hapo, nikawaomba wenzangu nao watoe zao. Nilitarajia wataje jina la mshukiwa, kwa kuwa ndivyo msomaji mwenye haraka anavyofanya, lakini wao walianza kukihoji chakula. Kilipikwa na nani, na kikapakuliwa na nani? Vyote vilitoka chombo kimoja? Nani alikula kipi, nani alikiacha kipi, na aliyekiacha alitoa sababu gani? Fundi cherehani, ambaye amepika kwenye misiba na harusi za mtaa wetu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, alisema kwamba kwenye shughuli anayejua mambo si mpishi bali ni yule anayekusanya sahani, kwa sababu ndiye anayeona kilichobaki na kimebaki kwa nani. Sitaeleza mwisho wa hadithi hiyo. Nitasema tu kwamba maswali yao yalielekea pale pale alikoelekea Miss Marple, wakati wasikilizaji wenzake wanne wa sebuleni walikuwa wamekwisha potea, kila mmoja kwa njia yake.

Miss Marple hufikia jawabu kwa kulinganisha. Akikutana na tajiri, mwanajeshi au mcheza filamu, humkumbuka mtu fulani wa kijijini kwake aliyefanya jambo dogo linalofanana na lile linalochunguzwa, kama vile kijana aliyedokoa hela ya duka au mtumishi aliyesema uongo kuhusu kikombe kilichovunjika, na kutokana na jambo hilo dogo huona tabia iliyojificha katika jambo kubwa. Wakosoaji wengine huona kwamba njia hii ni nyepesi mno kwa upelelezi. Mimi sikubaliani nao, na nina hakika zaidi baada ya kuwasikiliza wenzangu. Muuza ndizi wa Mbuyuni ambaye amekopesha wateja kwa miaka 30 anajua mtu atakayekimbia deni anavyoanza kuzungumza kwa uchangamfu usio wa kawaida wiki moja kabla. Nesi wetu anajua tofauti kati ya ndugu anayemlilia mgonjwa na ndugu anayelilia kuonekana. Hayo ni matokeo ya kuona mambo yale yale yakijirudia mara nyingi, kwa watu wengi, bila kuyafumbia macho. Nesi huyo alifurahi mno nilipomwambia kwamba Christie alifanya kazi hospitalini Torquay wakati wa vita vile, kwanza akihudumia majeruhi, kisha katika chumba cha dawa, na kwamba hapo ndipo alipozifahamu sumu kwa vipimo na kwa dalili zake. Alisema alikuwa amekwisha hisi hivyo, kwa sababu wagonjwa wa vitabu vile wanaugua kwa mpangilio unaoeleweka.

Riwaya iliyotugawa ni A Pocket Full of Rye ya mwaka 1953, na ninataka kukaa nayo kidogo. Mwanzoni mwake anakufa mfanyabiashara tajiri, na msomaji anadhani kitabu kizima ni chake. Baadaye anauawa Gladys, msichana wa kazi katika nyumba hiyo, aliyelelewa katika kituo cha yatima, na muuaji anamdhalilisha hata baada ya kumwua kwa kumbana pua na kibanio cha nguo. Miss Marple hapandi treni kwa ajili ya tajiri. Anakuja kwa ajili ya Gladys, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha kazi za nyumbani, na anakuja akiwa na hasira ambayo sijaiona kwake katika kitabu kingine. Wenzangu watatu wana mabinti au wapwa waliokwenda Dar es Salaam na Arusha kufanya kazi za ndani wakiwa wadogo, na walikisikiliza kisa hiki kwa namna tofauti na vyote vilivyotangulia. Mmoja alishukuru kwamba hatimaye kuna mtu aliyesafiri kwa ajili ya dada wa kazi. Mwingine alikataa kumshukuru Christie: alisema kwamba katika nyumba yoyote dada wa kazi ndiye anayeona mengi kuliko wote, na kama mwandishi angempa nafasi ya kusema mapema, akasikilizwa, asingekufa. Nimerudia vitabu vingine nikiwa na maneno hayo kichwani na nimeona kwamba ana hoja nzito, kwa kuwa watumishi wanaojua jambo na kulinyamazia, au kulisema kwa mtu asiyefaa, ni wengi mno katika riwaya za zama zile, na wengi wao hawafiki mwisho.

Mama wa Shinyanga alikuwa hajasema neno kwa majuma kadhaa. Siku tuliyokuwa tukijadili namna Miss Marple anavyojua siri za watu bila kuambiwa, aliweka kikombe chake chini akasema, “Mwalimu, kwetu mama anayejua mambo ya watu kiasi hiki asingefika sura ya tatu.” Hakuna aliyehitaji maelezo. Sote tunajua kwamba kwa miaka mingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na kwamba macho mekundu, ambayo mwanamke huyapata kwa kupuliza moto wa kuni miaka nenda miaka rudi, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na mauaji ni mauaji mbele ya sheria yoyote, lakini mpiga ramli anaposema kwamba chanzo cha ugonjwa kiko nyumba ya jirani, mara nyingi kidole humwangukia mjane, na mara nyingi mjane huyo ana shamba ambalo mtu mwingine analitaka. Mama huyu alitueleza kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa na kumbukumbu kali, alijua nani alizaliwa mwaka gani wa njaa na ng'ombe yupi alitolewa mahari kwa nani, na kwamba watoto wake walimwomba aache kuzungumza mambo ya zamani hadharani. Akaacha. Alikufa kwa uzee, na yote aliyoyajua yakaenda naye.

Kisha aliniuliza swali ambalo limebadilisha namna ninavyozisoma riwaya hizi: “Nani alikuwa wa kwanza kumwamini huyo Miss Marple?” Nilimjibu kwamba ni yule mkuu mstaafu wa Scotland Yard, Sir Henry Clithering, aliyeketi sebuleni siku ile ya Jumanne, na kwamba katika The Body in the Library ya mwaka 1942 yeye ndiye anayewaambia wengine wamsikilize mama huyu. “Basi yule ndiye aliyemwokoa,” alisema. Tangu siku hiyo kila ninapofungua riwaya ya aina hii ninamtafuta mtu huyo. Ninamwangalia ofisa anayekubali kunywa chai na kunyamaza bibi akizungumza, kwa sababu wanawake wazee wenye maarifa wapo kila mahali, na kisichopatikana kwa urahisi ni mwenye cheo anayeuliza swali akangoja jibu.

Jambo hilo nililishuhudia nyumbani Kibosho. Wiki chache baada ya mazishi ya mzee mmoja wa jirani, wanawe wawili waligombania mpaka kati ya kihamba, yaani shamba la migomba la familia, cha mmoja na cha mwenzake. Huko mlimani mipaka yetu huwekwa kwa masale, mmea ule ule ambao Mchaga humpelekea mtu aliyemkosea anapoomba msamaha, na kuuhamisha kwa hila ni jambo zito. Wazee wa ukoo walifika, mwenyekiti wa kitongoji alifika, na kijana mmoja akaja na futikamba. Kila ndugu alileta mashahidi wake, wote wanaume, na mashahidi wakapingana hadi jua likaanza kushuka. Bibi mmoja mjane alikuwa amesimama pembeni na mzigo wake wa majani ya ng'ombe, akingoja apishwe njia. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mdogo kwa umri kuliko wazee wote waliokuwapo, alimwamkia shikamoo, kisha akamwuliza, “Bibi, wewe unapita hapa kila siku. Unaonaje?”

Bibi aliutua mzigo wake na kuomba watu wasogee hadi kona ya chini. Hapo alilishika shina la sale mojawapo kati ya kidole gumba na cha shahada, akasema kwamba mpaka huu aliukuta siku alipoletwa hapa kuolewa, na sale la umri huo huwezi kulizungusha vidole viwili: shina lake ni nene, lina pete nyingi za majani yaliyodondoka, na limechipua matawi kila mahali lilipowahi kukatwa. Masale ya kona ile yalikuwa membamba na yamenyooka, hayana tawi hata moja. Kisha akaonyesha hatua chache ndani ya kihamba cha upande wa pili, ambako majani makavu ya migomba yalikuwa yametandazwa kwa mstari ulionyooka. Alisema amekuwa akijiuliza tangu mvua za vuli zianze ni mkulima gani anayetandaza majani kwa mstari, wakati kila mtu huyaweka kuzunguka shina la mgomba ili yahifadhi unyevu. Vijana wakayaondoa. Chini yake kulikuwa na visiki vya masale vilivyokatwa kwa panga usawa wa ardhi, na kwa kuwa sale halikubali kufa kirahisi, baadhi yake vilikuwa vimeanza kutoa vichipukizi vya kijani. Ukoo ulimaliza shauri siku ile ile.

Nilipomwuliza bibi baadaye kwa nini hakusema mapema, alinijibu kwamba mjane anayeanza kuzungumzia mipaka ya watu huitwa mfitini kabla hajamaliza sentensi, na kwamba alikuwa tayari kusema wakati wowote, ila aulizwe na mtu ambaye kuuliza ni kazi yake. Niliwasimulia wenzangu wa kikoba kisa hicho, na mama wa Shinyanga alitaka kujua zaidi kuhusu mwenyekiti kuliko kuhusu masale.

Wapo wapelelezi wengine wenye mvi tuliowapitia kwa haraka zaidi. Jessica Fletcher, aliyechezwa na Angela Lansbury katika tamthilia ya televisheni ya Marekani kuanzia mwaka 1984 hadi 1996, ni mwalimu mstaafu kama mimi, na wengi wetu tulimwona kwenye runinga kabla ya kujua kwamba kuna vitabu vya namna yake. Ninampenda, ingawa kadiri anavyosafiri miji mingi ndivyo yale maarifa ya mahali pamoja yanavyopungua nguvu. Richard Osman, katika The Thursday Murder Club ya mwaka 2020, ameweka wazee wanne katika makazi ya wastaafu huko Kent, na hapo kikundi chetu kilijiona moja kwa moja, kwa sababu ni watu wanaokutana siku maalumu na kila mmoja huleta ujuzi wa kazi aliyoifanya maishani. Mma Ramotswe wa Botswana, aliyeandikwa na Alexander McCall Smith kuanzia mwaka 1998, bado ni mwanamke wa umri wa kati, lakini wenzangu walimkubali kwa sababu anaamkia watu kabla ya kuwahoji. Zipo pia riwaya nyingi za siku hizi ambamo keki, paka na duka la maua vimechukua nafasi ya fumbo, na mpelelezi anaitwa mzee bila kuwa na jambo lolote analolijua kwa sababu ya uzee wake. Hizo sizisomi tena barazani. Umri wa mhusika lazima ufanye kazi katika hadithi, kwa maana kwamba kijana asingeweza kulitambua alilolitambua yeye.

Kutokana na haya yote nimeanza kuandika riwaya yangu mwenyewe kwa Kiswahili, na kikoba ndicho kinachoihariri. Waandishi wa Kiingereza hulazimika kutafuta kisiwa, theluji au treni ili wahusika wao wasitawanyike. Sisi tunayo Desemba. Mwisho wa mwaka Wachaga hurudi mlimani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, magari hujaa kwenye njia nyembamba za migombani, na kwa majuma mawili kihamba kimoja hukusanya watu wote wenye sababu ya kupendana na sababu ya kuchukiana, pamoja na shauri la urithi ambalo halikumalizwa mwaka uliopita. Mpelelezi wangu ni mama anayepika kwenye misiba. Wenzangu walisisitiza hilo, kwa kuwa wanawake wanaomenya ndizi nyuma ya nyumba husikia yale ambayo wazungumzaji wa mbele hawayasemi. Waliniletea pia ushahidi wa zama hizi: mtu akikutumia pesa kwa simu, jina lililosajiliwa hutokea, na mama anayeshika simu ya kikundi huona majina ambayo wenyewe wanadhani hayaonekani. Kuhusu polisi, tumekubaliana kwamba wasichorwe wajinga. Ofisa wa riwaya yangu ni kijana anayejua kwamba hajui mtaa ule, na sura ninayoiandika kwa uangalifu kuliko zote ni ile anayomwendea mama jikoni, anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumwuliza swali lake la kwanza.

Kwa kikundi chochote kinachotaka kusoma pamoja riwaya za aina hii, ningependekeza kianze na The Thirteen Problems ya mwaka 1932, ambamo hadithi ile ya Jumanne imo pamoja na nyingine kumi na mbili. Kila moja humalizika kwa kikao kimoja, na kitabu chenyewe kimeundwa kwa mfano wa baraza: mmoja anasimulia, wengine wanatoa dhana zao, kisha jibu linatolewa. Anayesimulia asimame kabla ya jibu, na kila aliyepo apewe nafasi bila kukatizwa. Sisi tumeongeza jambo moja baada ya kisa cha Gladys. Binti anayetuletea chai naye huketi na kutoa dhana yake, na zamu yake huwa ya kwanza, kwa sababu akingoja wakubwa wamalize atakubaliana nao.